Kuunda, Kupima au Kukokotoa: Njia Tatu za Kuingia Katika Utafiti wa Elementi Nzito Kupindukia

Jumapili moja sokoni Kibuye, hapa Kisumu, mwanafunzi wangu wa zamani alinikuta nimesimama mbele ya muuza mayai. Sasa yuko mwaka wa nne chuoni, anasoma fizikia na kemia. Hakungoja hata nimalize kulipa. "Mwalimu," akaniambia, "nimekwama. Nataka kufanya utafiti wa zile elementi za mwisho kabisa kwenye jedwali, lakini sijui nishike njia gani."

Hakuwa wa kwanza kuniuliza. Vijana kutoka Maseno, Kakamega na Njoro wamenijia na swali hilohilo, na kila mara nimelijibu vipandevipande, mara kwa simu, mara ndani ya matatu. Leo naliandika lote mahali pamoja.

Tuanze na kitu chenyewe. Elementi nzito kupindukia ni zile za kuanzia namba 104 hadi 118; namba hiyo ni idadi ya protoni zake. Huzichimbi mahali popote. Huundwa maabarani, atomi moja baada ya nyingine, na nyingi huoza, yaani hugeuka kuwa elementi nyingine, kabla hujapepesa jicho. Majina ya nne za mwisho kupatikana, yaani nihoniamu (113), moskoviamu (115), tenesini (117) na oganesoni (118), yalipitishwa Novemba 2016. Safu ya saba ya jedwali ikajaa. Swali linalowakosesha watafiti usingizi ni kama kuna ya nane, na inaishia wapi.

Anayetaka kuingia humu ana njia tatu kubwa: kuunda viini vipya (kiini ni kitovu cha atomi, chenye protoni na nyutroni), kupima kemia ya atomi zilizoundwa, au kukokotoa tabia zao kwa nadharia na kompyuta. Nitazipima zote kwa mambo manne: kazi yenyewe ilivyo siku hadi siku, kusubiri kwake kukoje, inafanyikia wapi na kwa vifaa gani, na inamfaa nani. Hilo la kusubiri nimeliweka kwa makusudi. Watu huchagua njia kwa kutazama umaarufu wake, halafu wanavunjika moyo kwa sababu ya aina ya subira inayodai.

Njia ya kwanza: kuunda viini vipya

Kazi yenyewe. Unachukua kiini chepesi, unakiongeza kasi hadi karibu sehemu moja ya kumi ya kasi ya mwanga, unakigongesha kwenye karatasi nyembamba sana ya elementi nzito. Hesabu ya protoni anaiweza hata mtoto wa darasa la tano. Zinki ina protoni 30, bismathi 83. Vikishikana unapata 113, nihoniamu. Kalsiamu ina 20, kalifoniamu 98. Jumla 118, oganesoni. Ugumu ni kwamba karibu migongano yote huishia kwa viini kupasuka. Ayoni (atomi zilizopoteza elektroni) hutumwa kwa matrilioni kila sekunde, na bado unaweza kukaa wiki nzima bila kuona atomi hata moja unayoitafuta. Ikipatikana, kitenganishi chenye sumaku huichuja kutoka kwenye msururu wa takataka za nyuklia na kuipeleka kwenye kigunduzi cha silikoni. Hapo inatambuliwa kwa namna inavyooza: chembe ya alfa (furushi la protoni mbili na nyutroni mbili), nyingine, nyingine, mpaka kufikia kiini kinachofahamika.

Kusubiri. Hapa nitakaa kidogo, maana hadithi ya nihoniamu inafundisha kuliko maelezo yoyote. Timu ya Kosuke Morita katika taasisi ya RIKEN, Japani, ilianza kugonga bismathi kwa zinki-70 (hiyo 70 ni jumla ya protoni na nyutroni zake) mnamo Septemba 2003. Atomi ya kwanza ilitokea Julai 2004, ya pili Aprili 2005. Kisha kimya. Miaka saba mizima. Atomi ya tatu ilikuja Agosti 12, 2012. Zile mbili za kwanza zilitoa alfa nne, zikafika dubniamu-262, nayo ikameguka vipande viwili. Ushahidi huo haukuwatosha wakaguzi wa kimataifa. Ile ya tatu ilitoa alfa sita mfululizo: roentgeniamu, maitneriamu, bohriamu, dubniamu, lawrensiamu, hadi mendeleviamu-254. Mnyororo ulikuwa umepitia viini vinavyojulikana, kwa nishati zinazojulikana. Mwisho wa 2015 timu hiyo ikatambuliwa rasmi. Miaka tisa ya kazi, atomi tatu, elementi moja. Mimi hushikwa na heshima kubwa kila ninapofikiria miaka ile saba ya katikati, watu wakifika kazini asubuhi na kukuta kigunduzi hakijaona kitu.

Mahali na vifaa. Dunia nzima maabara za kazi hii zinahesabika kwa vidole: Dubna nchini Urusi, Darmstadt nchini Ujerumani, RIKEN karibu na Tokyo, Berkeley nchini Marekani, Lanzhou nchini China. Afrika haina hata moja. Na mashine peke yake haitoshi, kuna malighafi. Kalsiamu-48, iliyozaa elementi 114 hadi 118, ni chini ya asilimia 0.2 tu ya kalsiamu yote ya asili. Kwa tenesini ilihitajika berkeliamu-249, na maabara ya Oak Ridge, Marekani, ilitoa miligramu 22 tu. Nusu-maisha ya berkeliamu hiyo, yaani muda ambao nusu ya atomi zake huoza, ni siku zipatazo 330, kwa hiyo tangu siku ilipotoka kwenye tanuri la nyuklia ilikuwa inapungua. Ikasafishwa, ikasafirishwa hadi Urusi, ikagongwa kwa kalsiamu, na mwaka 2010 zikatangazwa atomi sita za elementi 117.

Miongoni mwa walioisafisha berkeliamu ile alikuwa Clarice Phelps, mwanakemia Mmarekani mweusi. Kabla yake James Harris, naye Mmarekani mweusi, aliandaa shabaha, zile karatasi nyembamba zinazogongwa, zilizotumika Berkeley kwa elementi 104 na 105. Ninawataja kwa sababu kijana wa Nyalenda au Manyatta anapotazama picha za timu hizi hujiuliza kama kuna nafasi yake. Ipo, na mara nyingi mlango wake ni kazi ya mikono: kuandaa shabaha, kusafisha, kupima.

Kwa sasa uwanja umebadilika. Kuunda 119 kwa kalsiamu kungehitaji shabaha ya einsteiniamu, na hakuna anayeweza kuipata kwa kiasi kinachotosha. Ndiyo maana maabara zimehamia kwenye viini vizito kidogo. Julai 2024 timu ya Berkeley ilitangaza atomi mbili za livermoriamu (116) zilizopatikana kwa kugonga plutoniamu kwa titaniamu-50, kazi ya siku 22. Dubna walipata elementi hiyohiyo kwa kromiamu-54 juu ya uraniamu. RIKEN wanatafuta 119 kwa vanadiamu juu ya kuriamu. Ukiingia leo unaingia katika mbio zinazoendelea.

Inamfaa nani. Anayependa mashine: pampu za ombwe, sumaku, elektroniki, programu za kuchambua data. Anayeweza kufanya kazi katika timu ya watu wengi na jina lake likawa la thelathini kwenye orodha ya waandishi. Na zaidi ya yote, mwaminifu kwa data. Mwaka 1999 lilitoka dai la elementi 118 huko Berkeley, likaja kuondolewa baada ya kubainika kwamba data zilibuniwa. Ushahidi wako ukiwa ni atomi mbili, hakuna pa kujificha.

Njia ya pili: kemia ya atomi moja moja

Kazi yenyewe. Atomi imeshaundwa, wewe unauliza ina tabia gani. Je, inafanana na zilizo juu yake katika safu wima yake? Kwa elementi nyepesi jibu tungelipata kwenye chupa na mirija. Hapa una atomi moja, kwa sekunde chache. Kinachofanyika ni kuipitisha ikiwa ndani ya gesi kwenye mfereji mwembamba uliopangwa vigunduzi, upande mmoja una joto la kawaida na upande wa pili baridi kali. Mahali atomi inapong'ang'ania ndipo penye jibu.

Mfano ninaoupenda ni hasiamu, namba 108, jaribio la 2001 huko Darmstadt. Hasiamu iko chini ya osmiamu kwenye jedwali. Osmiamu ikishikana na oksijeni hutoa oksaidi inayogeuka mvuke kwa urahisi, kwa hiyo swali likawa: je, hasiamu pia? Waligundua molekuli saba tu. Ilibainika kwamba oksaidi ya hasiamu ilishika ukuta kwenye nyuzi −44 hivi, ilhali ya osmiamu iliendelea kusafiri hadi kama −82. Familia moja, lakini huyu mdogo ana uzito wa miguu kidogo. Molekuli saba, na sehemu yake kwenye jedwali ikathibitishwa!

Baadaye zikaja kopernisiamu (112), iliyopimwa juu ya dhahabu kwa atomi mbili na matokeo kutolewa 2007, kisha fleroviamu (114), na karibuni zaidi nihoniamu na moskoviamu.

Uhondo wa njia hii umo katika uhusianifu wa Einstein. Kwa hesabu ya haraka, gawanya namba ya atomi kwa 137 upate sehemu ya kasi ya mwanga ambayo elektroni za ndani kabisa husafiri nayo. Zebaki, 80, inakupa kama asilimia 58. Oganesoni, 118, asilimia 86. Elektroni za kasi hiyo huwa nzito zaidi na obiti zake hunywea, na tabia ya atomi nzima hubadilika. Athari hizo ndizo zinazoipa dhahabu rangi yake na kuifanya zebaki iwe kimiminika mkononi mwako. Kwenye elementi nzito kupindukia athari huwa kubwa kiasi kwamba safu wima za jedwali, zile tunazowakaririsha watoto, huenda zikaanza kusema uongo.

Kusubiri. Ni kwa namna mbili zisizofanana. Kwanza unangoja miezi upewe zamu ya kutumia kichapuzi, ile mashine ya kuongeza kasi ya viini. Halafu atomi ikija, muda wako ni sekunde. Fleroviamu-289 ina nusu-maisha ya kama sekunde mbili; hiyo inatosha. Oganesoni-294 inaisha chini ya elfu moja ya sekunde. Hiyo kwa mbinu za leo huwezi kuigusa. Kwa hiyo mwanakemia hachagui elementi anayoitaka, anachagua ile inayomngoja.

Mahali na vifaa. Maabara zilezile za njia ya kwanza, kwa sababu lazima uwe pembeni ya mashine. Lakini ujuzi wa msingi, yaani radiokemia (kemia ya atomi zinazotoa mionzi), unaweza kujengwa kwingine: kwenye maabara za isotopi (aina za elementi moja zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni) za hospitali, kwenye Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, au iThemba LABS karibu na Cape Town, wanakotengeneza isotopi za tiba kwa saiklotroni yao, kichapuzi cha mviringo. Na ujuzi huo una soko hata ukiacha utafiti.

Inamfaa nani. Mtu wa kemia asiyeogopa fizikia, mwenye mikono mitulivu na anayeridhika na jibu dogo lililo sahihi.

Njia ya tatu: nadharia na kompyuta

Kazi yenyewe. Nilimweleza yule kijana kwa kutumia kilichokuwa mkononi mwangu. Trei ya mayai ina nafasi 30. Ikijaa, mayai yanashikana, unaifunga nyuma ya bodaboda na inafika Nyamasaria salama. Ikiwa nusu, inapinda na mayai yanagongana. Ndani ya kiini, protoni na nyutroni hujaza ngazi kwa namna hiyo. Ngazi zikijaa kwa hesabu za 2, 8, 20, 28, 50, 82, na kwa nyutroni 126, kiini huwa imara kuliko jirani zake. Maria Goeppert Mayer na Hans Jensen ndio walioeleza kwa nini, mwaka 1949, na tuzo ya Nobel ikawajia 1963.

Swali la leo ni trei inayofuata. Kwa nyutroni, hesabu nyingi zinaelekeza 184. Kwa protoni hakuna maafikiano: wengine 114, wengine 120, wengine 126. Pale ngazi hizo zinapokutana ndipo panapoitwa kisiwa cha uthabiti. Hakuna aliyekifikia. Viini vyenye nyutroni nyingi zaidi vilivyokwisha kuundwa katika eneo hili, livermoriamu-293 na tenesini-294, vina nyutroni 177. Tumebakisha saba, na viini tunavyoweza kuvigonganisha leo havina nyutroni za kutosha kutufikisha. Mwananadharia ndiye anayewaambia wenye mashine wajaribu mgongano upi, kwa nishati gani, na watarajie nusu-maisha ya muda gani. Anapokosea, wenzake hupoteza miezi.

Kusubiri. Ni kusubiri kompyuta imalize, saa au siku, kisha kusubiri miaka jaribio likuthibitishe au likukanushe. Hapa kusubiri kunauma kimyakimya: huenda ukafanya kazi muongo mzima bila kujua kama ulikuwa sahihi.

Mahali na vifaa. Hii ndiyo njia pekee kati ya tatu inayoweza kuanza leo, chumbani kwako Kondele, stima ikiwepo na bando likiwepo. Nilimwambia kijana afungue Excel aweke nishati ya alfa upande mmoja na nusu-maisha upande wa pili. Thoriamu-232: MeV 4 (MeV ni kipimo cha nishati), miaka bilioni 14. Poloniamu-212: MeV 8.8, takriban mikrosekunde 0.3. Nishati imeongezeka mara mbili na kidogo, muda umeporomoka kupita maelezo. Hiyo ndiyo kanuni ya Geiger na Nuttall ya 1911. Kisha weka oganesoni-294: MeV 11.65, kama milisekunde 0.7. Angalia vizuri. Ina nishati kubwa kuliko poloniamu, lakini hudumu muda mrefu zaidi! Sababu ni protoni zake 118 zinazojenga ukuta wa umeme mkubwa zaidi, na alfa hupata taabu zaidi kuupenya. Kijana alinipigia usiku ule ule alipoiona. Sauti yake ilitosha kunijulisha kwamba amenaswa.

Kutoka hapo unapanda hadi fomula ya Bethe na Weizsäcker inayokadiria nishati inayoshikanisha kiini, masahihisho ya ngazi ya Strutinsky, kisha programu kubwa ambazo watafiti wameziweka wazi kwa wote. Hizo za mwisho zinahitaji kompyuta zenye nguvu, na hapo utatafuta mshirika wa nje.

Inamfaa nani. Mwenye hesabu nzito na anayependa kuandika programu. Pia mwenye majukumu ya nyumbani asiyeweza kuhama mwaka huu. Lakini asijidanganye kwamba ni njia rahisi; bila msimamizi anayeijua mada, utazunguka palepale.

Mlango wa jirani

Kabla ya kuamua, tazama ng'ambo ya ghuba. Miamba ya mlima Homa na vilima vya Ruri, Kaunti ya Homa Bay, ina thoriamu, na mnururisho (mionzi) wa asili wa eneo hilo umepimwa na watafiti kwa miaka. Siyo elementi nzito kupindukia, ingawa mwaka 2008 kundi moja lilidai kuona elementi 122 ndani ya thoriamu ya asili. Wanasayansi wengine hawakukubali. Faida ya Homa ni nyingine. Hapo unajifunza vigunduzi, minyororo ya kuoza, makosa ya vipimo na usalama wa mnururisho kwa mikono yako mwenyewe, na matokeo yake yana maana kwa watu wanaojenga nyumba kwa mawe hayo. Kwa mradi wa mwaka wa nne sijui pengine pazuri kuliko hapo.

Kwa hali yako

Ukiwa na shahada ya fizikia, pasipoti, na familia inayoweza kuvumilia uwe mbali miaka mitano, njia ya kwanza iko wazi. Usikimbilie moja kwa moja maabara kubwa. Uzamili wenye vipimo vya nyuklia Afrika Kusini utakupa ujuzi wa mihimili ya ayoni. Dubna wana mpango wa mafunzo kwa wanafunzi, na Misri na Afrika Kusini zina uhusiano rasmi na taasisi hiyo. Zingatia tu kwamba tangu vita vya Ukraine vipambe moto 2022, maabara za Marekani na Ulaya zimepunguza au kusitisha ushirikiano na Urusi. Utakapoanzia kunaweza kuamua ni milango gani itakufungukia baadaye, kwa hiyo muulize msimamizi swali hilo waziwazi kabla ya kusaini.

Ukiwa mwanakemia, au unahofia ajira, anza na radiokemia ya tiba. Utakula kwa kazi hiyo huku ukitafuta nafasi.

Ukiwa na hesabu nzuri lakini huna nauli, nadharia. Angalia kituo cha ICTP (Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia) cha Afrika Mashariki kilichoko Kigali, basi linafika, na ICTP yenyewe kule Trieste, Italia, ambayo ilianzishwa kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama yetu.

Ukiwa mwalimu kazini unayetaka kusoma jioni, shika nadharia au Homa, na usiahidi shahada ya uzamifu kwa miaka mitatu.

Na kama ungali kidato cha nne, chukua jedwali na penseli. Tafuta jozi zote za protoni zinazotoa 119: 20 na 99, 22 na 97, 23 na 96, 24 na 95. Kando ya kila jozi andika shabaha ingekuwa elementi gani, na nusu-maisha ya isotopi yake inayodumu zaidi. Futa zile zisizowezekana. Zitakazobaki, niletee Kibuye.